Dumu Nililolikaza Mpaka Mwisho

Siku niliyokaza kifuniko cha dumu la dawa mpaka mwisho naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu walichinjwa ng'ombe wawili. Kaa hapo. Hicho kiti kina mguu mbovu, egemea ukuta. Umeniambia Jumatatu unaanza kazi kwenye kile kiwanda cha kung'arisha pamba, na umeniambia kwa mdomo wa mtu ambaye anajua kila kitu kabla hajafika getini. Mdomo huo naufahamu vizuri. Nilikuwa nao mimi mwenyewe, tena wangu ulikuwa mkubwa zaidi.

Miaka ile ndiyo kwanza ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imeingia. Zamani pamba yetu tulimuuzia mmoja tu, chama cha ushirika, na ukishauza unarudi nyumbani kusubiri. Ghafla kila mwenye mzani na turubai akawa mnunuzi. Hapo Bariadi mjini kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Bwana Rajabu, mwenye duka la khanga, soda na betri, naye akashikwa na homa ya soko huria. Akajiuliza jambo ambalo kusema kweli lilikuwa la akili. Sisi ndio tunalima pamba, mbona pamba ya hospitali inatoka mbali, imefungwa kwenye karatasi ya buluu kama zawadi? Akasafisha stoo iliyokuwa nyuma ya duka, akanunua sufuria kubwa la chuma kisichoshika kutu, akaajiri akina mama sita wa kuchambua uchafu kwenye pamba, kisha akatafuta fundi.

Fundi alikuwa Mzee Maduhu wa Ngulyati. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo kule Mwanza, upande wa kung'arisha vitambaa, mpaka walipopunguza wafanyakazi akarudishwa nyumbani na baiskeli, redio na koti moja jeupe. Koti lile alilivaa kila siku ya kazi, na lilikuwa jeupe kweli, la kukuumiza macho. Mtu wa maneno machache. Ukikosea alikuwa anakuangalia tu mpaka unatamani akutukane yaishe.

Na mimi, Minza, nilikuwa msaidizi wake. Miaka ishirini, kidato cha nne, na C ya kemia. Hiyo C niliitaja hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza. Ukinisalimia mwangaluka, nikakuitikia, basi sentensi ya tatu ni C ya kemia. Wale mama sita walikuwa wananiita Mwalimu, nami nikadhani wananiheshimu!

Lakini kazi ile kwangu haikuwa ya kujishaua tu. Baba yangu alikuwa ameshaongea na mzee mmoja wa Kimali, mwenye ng'ombe wengi na hadithi moja, ile ile, ya fisi aliyemfukuza. Nilishaisikia mara tatu na kila mara fisi alikuwa anaongezeka ukubwa. Baba aliniambia wazi, "Minza, kama hiyo kazi yako ya pamba itasimama mpaka msimu uishe, nitamwambia asubiri. Ikifa, unakwenda Kimali." Na uhai wa kazi ulikuwa umeshikiliwa na Alhamisi moja. Alhamisi hiyo Sista Agnesi, msimamizi wa stoo ya dawa ya hospitali ya misheni, alikuwa anakuja kuangalia pamba yetu. Akiipenda, hospitali itachukua. Asipoipenda, Bwana Rajabu alikwishasema stoo anairudisha kwenye kreti za soda.

Sasa nikueleze dawa yenyewe, maana utaikuta huko uendako. Peroksaidi. Ukiiangalia unaona maji. Ndiyo ile ile wauguzi wanamwagia kidonda ikatoa povu, ila yetu ilikuwa kali mara nyingi zaidi, ya kukuchubua ngozi. Imebeba hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayong'arisha pamba. Ikishaitoa, kinachobaki ni maji matupu, hayafai hata kwa ugomvi. Mzee Maduhu alituambia kazi yote ya fundi ni kuhakikisha hewa hiyo inatoka ndani ya sufuria, juu ya pamba, siyo stoo wala njiani. Na vitu vinavyoichokoza iitoe kabla ya wakati akavitaja: kutu, udongo, magadi, joto na jua. Nilitaka kucheka. Simiyu yetu hii ukiondoa kutu, udongo, magadi, joto na jua, unabaki na nini?

Hata ndani ya sufuria, ambako tunataka ifanye kazi, kwanza alikuwa anatia kipimo cha dawa nyingine nzito inayovutika, silikati, ya kuituliza ili hewa itoke polepole. Bila hiyo inalipuka povu mara moja, inakwisha, na pamba inabaki nusu nyeupe nusu ya kijivu.

Kwa kuwa alijua hatutashika mafundisho ya kiwandani, alitufundisha kwa namna ya kwetu. Alisimama mbele ya dumu la lita ishirini, akavua kofia, akasema, "Huyu ni mkwe wenu."

Wale mama walicheka mpaka wakalala juu ya marobota. Lakini unajua mkwe Usukumani alivyo. Hukaribii ovyo. Ukimwona njiani unapisha. Humshiki, hukai naye kitanda kimoja. Basi mkwe wetu alikaa kivulini, juu ya mbao, mbali na ukuta wenye jua. Alimiminwa kwa jagi la plastiki lililooshwa, la kwake peke yake. Chuma hakikumgusa. Kilichotoka kwake hakikurudishwa hata tone, kikibaki kinamwagwa na maji mengi. Na kifuniko chake kilikuwa na kitundu kidogo, kwa sababu hata akitulia vipi, mkwe lazima apumue. "Mkwe hafungiwi ndani," alisema Mzee, akavaa kofia yake.

Jumatatu asubuhi akaletewa habari ya msiba wa shemeji yake kule Nassa. Alisema atarudi Jumatano. Dumu lilikuwa limebaki nusu, na nusu hiyo ndiyo ilikuwa inatosha mpiko mmoja wa kumwonyesha Sista. Dumu jingine lingetoka Mwanza, na huko kuagiza kulikuwa ni kusubiri mpaka usahau ulichoagiza. Aliniita kando akagusa mbao zile kwa kiatu. "Minza, hii hapa ndiyo Alhamisi yako. Usiiguse mpaka nirudi."

Nikaitikia ndiyo baba. Hata vumbi la basi lake halijatulia, nikaigusa.

Usiniangalie hivyo. Nilitaka akirudi akute nimeshapika sampuli yangu, nyeupe, aseme kumbe huyu binti ni fundi. Mchana ule wale mama walikuwa wamekwenda kula, nikamimina jagi zima la peroksaidi kwenye karai. Silikati ilikuwa kabatini na ufunguo anao Mzee, nikasema siyo lazima. Ile soda ya kiwandani, unga ambao Mzee huutia sufuriani pamoja na dawa, nayo ilikuwa humo humo kabatini. Nikachukua magadi ya mawe, haya haya ya kupikia mlenda, yenye udongo mwekundu kama unavyoyajua. Nikayatwanga, nikatia. Cha kukorogea nikakosa. Nikaona kipande cha nondo nyuma ya choo. Mwanangu, C ya kemia ikachukua nondo yenye kutu ikakoroga.

Povu lilipanda nikalishangilia! Nikatia pamba, ikawa nyeupe upande mmoja, nikaimba. Kwenye karai zikabaki kama lita mbili za ile dawa, bado zinatoa vipovu. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sidhani kuna mtu angelifanya zaidi ya Msukuma.

Bibi yangu mzaa baba alinilea kwenye maziwa. Kwake kibuyu hakikaushwi. Unaacha ya jana kidogo chini, hayo ndiyo yanaamsha mapya yagande. Na kilichobaki kwenye kata kinarudi kibuyuni, hakimwagwi, kumwaga ni kumtukana ng'ombe. Sasa mimi nikaangalia zile lita mbili zinavyochemka, nikaona hizi zimeamka, zina nguvu. Nikizirudisha zitaiamsha na ile iliyolala kwenye dumu, na Alhamisi tutakuwa na dawa kali kuliko Mzee alivyoiacha. Nikazirudisha. Zote, na magadi yake, na kutu yake, na vinyuzi vya pamba.

Dumu likaanza kunong'ona. Shiii, shiii. Nikashtuka, kumbe nguvu inatoroka kwenye kile kitundu! Nikafanya kama tunavyofanya madumu ya mafuta ya taa yasivuje. Nikachana mfuko wa nailoni, nikautandika chini ya kifuniko, nikakaza kwa mikono miwili na goti. Kunong'ona kukaisha. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Jumanne asubuhi niliweka kiganja juu ya dumu. Lilikuwa la moto. Siyo la uvuguvugu, la moto, na kivulini. Na mashavu yake yalikuwa yametoka.

Hapa nisikilize, maana hadithi yote iko hapa. Saa hiyo nilijua. Nilikuwa sijui kemia yake, lakini nilijua kuna kitu nimekiharibu. Ningetoka mbio nikamwambia Bwana Rajabu, au nikampa mtu baiskeli amfuate Mzee, au angalau nikawaambia wale mama wasikae karibu. Sikufanya hata moja. Niliona haya. Nilichofanya ni kuchukua gunia, nikalilowesha, nikalifunika dumu ili watu wasione mashavu.

Bwana Rajabu akaingia saa nne na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa mtu mnadhifu, ndevu zake anazipaka piko kila Ijumaa mpaka zinang'aa. Akaangalia gunia.

"Minza, hili dumu mbona limenenepa?"

"Shikamoo Bwana Rajabu. Ni joto tu."

"Marahaba. Haya, likijifungua uniite."

Wale mama wakacheka, nami nikacheka nao, jasho linanitiririka mpaka kwenye ndara.

Saa sita hivi Mzee Maduhu akatokea mlangoni, siku moja kabla. Walikuwa wamezika mapema. Bado ana vumbi la Nassa kwenye kofia. Hakusalimia. Aliangalia lile gunia likitoa mvuke, akaenda taratibu, akalifunua kwa fimbo, akarudi nyuma hatua tatu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Nani amemfungia mkwe?"

Mtu mmoja akapiga chafya.

"Tokeni wote. Sasa hivi. Kimbieni."

Mama sita walipita mlango wa mtu mmoja kwa pamoja, mpaka leo sijui walipitaje. Mimi nikageuka upande wa dumu, nikalegeze kifuniko. Mzee alinidaka kwa khanga. "Wapi? Kulegeza kulikuwa jana. Leo ni kukimbia!" Akaniburuta mpaka nje kwenye bomba. Bwana Rajabu peke yake ndiye alikataa. Kulikuwa na kreti za soda mle ndani, na alisema soda zake haziwezi kufa bila mwenyewe. Alikuwa mlangoni anavuta kreti ya kwanza, mgongo nje, uso ndani.

Mlio ule ulisikika mpaka sokoni. Kifuniko kilipiga bati la paa kikaacha kibonyeo ambacho kilikaa pale miaka yote. Nyuma yake likaja povu la moto, likaruka kama lina hasira zake, na lilipotua lilimkuta Bwana Rajabu ametazama juu kujua ni nini.

Mzee Maduhu alimshika kisogo, akamsukuma kichwa chini ya bomba. "Macho! Fungua macho, osha!"

"Unanizamisha!"

"Ndiyo, nakuzamisha. Osha!"

Alimwosha muda mrefu sana, macho, uso, shingo, mikono. Namshukuru Mungu hata leo, macho yalipona. Vidole vilikuwa vyeupe na vinamchoma mpaka jioni. Lakini ndevu, wapi. Kila alipojifuta kwa kofia yake iliyolowa dawa alikuwa anazipaka upya. Ilipofika alasiri, upande wa kulia ulikuwa mweusi wa piko kama kawaida, na upande wa kushoto ulikuwa na rangi ya nywele za hindi bichi.

Hakuna aliyecheka mbele yake. Wale mama walikwenda kuchekea kwa zamu nyuma ya choo, pale pale nilipookota nondo.

Mzee alichota kilichobaki chini ya dumu kwa jagi la plastiki, akadondoshea pamba, akangoja. Hakuna kitu. Maji. Akaniangalia. Nikaanza, jua lilikuwa kali, baba, na basi lililopita lilitikisa ukuta, na labda panya... Akaendelea kuniangalia. Nikaona nondo yangu iko mkononi mwake. Nikalia, nikamwambia yote, mpaka habari ya kibuyu cha bibi.

Hakunipiga wala kunitukana. Alisema, "Mayu, mama yangu, kurudisha ulikosea kwa kutokujua, na kutokujua kunafundishwa. Lakini asubuhi uliweka mkono ukasikia moto, ukafunika gunia. Hilo ulilijua. Ingia uangalie juu." Nikaangalia paa, pale kwenye kibonyeo. "Hiyo ndiyo Alhamisi yako inapaa. Na kidogo ipae na macho ya mtu." Kisha akaninyooshea kidole. "Sista akija utamwambia wewe. Mimi sitasema neno."

Alhamisi Sista Agnesi alifika kwa wakati. Bwana Rajabu alikuwa amejifunga kitambaa kuzunguka taya, anadai jino. Mimi nilikuwa nimeshika kile kidonge changu cha pamba ya Jumatatu ndani ya sahani. Ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho.

Sista akakichukua, akakidondosha kwenye glasi ya maji. Kikazama vizuri, maana pamba ya hospitali lazima inywe maji. Nikapata tumaini. Halafu akakitoa, akakikunjua, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Vidoa vya kahawia, na kila penye kidoa kuna kitundu, kutu imekula nyuzi. "Hii siwezi kuiweka kwenye kidonda cha mtu," alisema. "Nyingine iko wapi?"

Nikaona Kimali. Nikamwona na yule fisi. Bwana Rajabu akaanza kusema dawa imechelewa Mwanza, unajua barabara, Sista. Ilikuwa njia nzuri ya kupita. Nikamwangalia Mzee Maduhu, naye anaangalia koti lake.

"Siyo barabara, Sista," nikasema. "Ni mimi." Nikasema yote, jagi, magadi, nondo, kibuyu, nailoni, goti, na gunia. Gunia nililisema mara mbili kwa sababu ndilo lilikuwa linanichoma.

Sista hakuamini. "Kifuniko kuruka mpaka bati?"

Ndipo Bwana Rajabu, ambaye angeweza kunifukuza siku ile na hakuna ambaye angemlaumu, akashusha pumzi, akakifungua kile kitambaa polepole.

Mwanangu, yule mtawa alicheka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya robota, akafuta machozi kwa mkono wa gauni lake. Bwana Rajabu alistahimili, kisha na yeye akashindwa. Alipotulia Sista akasema, "Pamba mbaya nimeonyeshwa mara nyingi. Kila mara kosa ni la barabara. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nani kaiharibu na kaiharibuje. Agizeni dumu jingine. Nitarudi mwezi ujao." Alirudi. Akachukua.

Na yule mzee wa Kimali? Habari za ndevu zilifika kwake kabla baba hajamwambia asubiri. Alituma ujumbe kwamba ng'ombe wake ameamua kuwapeleka kwingine, kwa msichana asiyelipua wazee. Baba alinuna wiki nzima, lakini siku moja nilimsikia anacheka peke yake zizini.

Sasa kifuniko hiki hapa, kishike. Ndicho chenyewe. Angalia kitundu chake kilivyo kidogo. Huko kiwandani watakuonyesha mashine za kila aina, na dawa itakuwa kwenye matangi makubwa, lakini itakuwa ni mkwe yule yule. Muweke kivulini, mguse kwa chombo kisafi, kilichotoka kwake usikirudishe hata kama moyo unakuuma kumwaga, na tundu lake usiliguse hata ukisikia ananong'ona. Ukinyimwa ufunguo wa kabati, jua kuna sababu. Hayo watakufundisha wao, na wataandika ukutani.

Hili la kwangu hawataandika. Siku utaweka mkono mahali usikie joto lisilotakiwa, na utakuwa unajua kabisa limetoka wapi. Sema saa hiyo hiyo, likiwa bado joto tu. Wataudhika, watakuita Mwalimu kwa kejeli, lakini mkwe ataokolewa na hakuna atakayeumia. Ukitafuta gunia, umechelewa. Nami nakuambia kwa sababu nakupenda, na kwa sababu nimekuona jana ukificha kile kikombe changu ulichokivunja. Kiko chini ya kitanda, nimekikuta. Unaona? Umeinamisha uso.

Haya, inuka. Mungu akuweke kivulini, mwanangu, akupe wakubwa wa kukuachia nafasi ya kupumua, na siku ukiharibu akupe mdomo mwepesi wa kusema. Na ndevu za bosi wako, azilinde Yeye mwenyewe.